Maharamia wa kompyuta wasitukute bila akiba



Nimekuwa msomaji wa ukurasa huu kwa miaka mingi, na mara nyingi nimewaona wenzangu wakiwalaumu wakubwa, wakilaumu mabasi, wakiwalaumu wafanyabiashara. Leo mimi nitaanza kwa kujilaumu mwenyewe. Baada ya hapo nitasema na wote wanaotunza kumbukumbu za watu wengine: makarani wa vyama vya akiba na mikopo, waganga wa zahanati, walimu wakuu, watendaji wa kata, na wenye maduka ambao wamekwisha kuliacha daftari na kuhamia kwenye kompyuta.

Mwaka 2022 nilikuwa karani katika chama kimoja cha akiba na mikopo mkoani Morogoro. Hakikuwa chama kikubwa. Tulikuwa na kompyuta nne zilizounganishwa pamoja, printa moja, na wanachama ambao wengi wao ni wakulima, walimu na mama lishe. Ijumaa moja jioni, nikiwa na haraka ya kufunga ofisi, niliona barua pepe yenye kichwa "Ankara ya mwezi". Jina la mpelekaji lilifanana na la mtu aliyekuwa akituuzia karatasi na wino. Nikakifungua kiambatisho. Yakatokea maneno ya kunitaka nibonyeze mahali fulani ili niione ankara vizuri. Nikabonyeza. Ankara haikuonekana. Nikadhani ni ubovu wa mtandao, nikaiacha kompyuta ikiwaka, nikazima taa na kwenda zangu nyumbani.

Jumatatu asubuhi hapakuwa na jalada hata moja lililofunguka. Hesabu za akiba, orodha ya mikopo, majina ya wadhamini, yote yalikuwapo kwa majina, lakini ndani yake palikuwa na herufi zisizosomeka. Kwenye kioo cha kila kompyuta palikuwa na tangazo kwa Kiingereza: kumbukumbu zenu tumezifunga, mkizitaka, tulipeni kwa sarafu ya bitcoin katika muda wa siku tatu, mkichelewa, bei itakuwa maradufu.

Tulikuwa na diski ya nje ambayo kila jioni ilinakili kumbukumbu zote. Meneja aliikimbilia kama mtu anayekimbilia ndoo ya maji nyumba inapowaka moto. Nayo ilikuwa imefungwa vile vile. Sababu ni rahisi, na nitairudia mbele: diski ile ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta usiku na mchana, mwaka mzima. Mwizi aliyeingia chumbani aliukuta na ufunguo wa akiba ukining'inia mlangoni.

Sasa nasema jambo linaloniuma zaidi, Ndugu Mhariri. Nilikumbuka ile ankara papo hapo. Nilijua. Lakini niliogopa kufukuzwa kazi, nikanyamaza hadi Jumatano. Fundi alipotuuliza kama kuna mtu aliyefungua kitu cha ajabu, nilitikisa kichwa. Kwa siku mbili fundi yule alikuwa akitafuta mlango ambao mimi niliujua. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi niliuficha wangu kwa gharama ya wanachama.

Jumanne alikuja mama mmoja kuchukua akiba yake. Mwanawe alikuwa amechaguliwa kwenda kidato cha tano, naye alitaka kununua godoro, sare na sanduku. Alikuwa na kitabu chake cha akiba mkononi, lakini hatukuwa na pa kukilinganisha. Tulimwambia arudi. Akarudi siku iliyofuata, tukamwambia arudi tena. Aliketi kwenye benchi akauliza kwa sauti ya chini, "Wanangu, kwani fedha yangu mmeila?" Swali lile bado nalisikia. Hatukuila. Lakini chama kisichoweza kuthibitisha fedha ya mwanachama kina tofauti gani na chama kilichoila?

Kilichotuokoa si kompyuta. Mhasibu wetu, mama wa makamo tuliyekuwa tukimcheka kwa ukale wake, alikuwa na desturi ya kuchapa salio la kila mwanachama mwisho wa mwezi na kulifungia kabatini. Tulipomwambia kuwa anaharibu karatasi alikuwa akijibu, "Karatasi haipatwi na kirusi, mwanangu." Kabati lile lilipofunguliwa, tulipata hesabu kamili hadi mwisho wa mwezi uliopita. Wiki tatu zilizokuwa zimepotea tulizijenga upya kwa stakabadhi na vitabu vya wanachama. Kazi hiyo ilituchukua karibu miezi miwili. Yule mama alilipwa akiba yake yote, ila mwanawe aliripoti shuleni akiwa amechelewa.

Nimeeleza haya yote ili ijulikane kuwa nasema kwa uzoefu, si kwa kusikia. Tangu siku ile nimejitahidi kujifunza juu ya uhalifu huu, ambao wataalamu huuita ransomwea, na ambao mimi nauita utekaji wa kumbukumbu. Naomba niwagawie wasomaji niliyoyapata.

Kwanza tuelewe unavyofanya kazi. Mwizi wa kawaida huchukua kitu na kuondoka nacho. Mtekaji huyu hana haja ya kukiondoa. Anakuja na kufuli lake, anafunga sanduku lako humo humo ndani ya nyumba yako, kisha anakuuzia ufunguo. Kufuli hilo ni hesabu ngumu inayozivuruga herufi na tarakimu kwa utaratibu ambao ufunguo mmoja tu unaweza kuurudisha. Ufunguo wa kufungia ni mwingine, na wa kufungulia ni mwingine. Wa kufungulia hubaki kwa mtekaji. Ndiyo maana fundi hodari anaweza kukiondoa kirusi chenyewe na bado majalada yakabaki yamefungwa.

Wapo wanaodhani kuwa haya ni mambo mapya. Sivyo. Mwezi Desemba 1989 diski laini zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London kwenda kwa watu wa nchi nyingi, wakiwamo waliokuwa wamehudhuria mkutano wa kimataifa juu ya UKIMWI. Nje ilionekana ni programu ya kumsaidia mtu apime hatari ya kuambukizwa ugonjwa huo. Ndani yake palikuwa na mtego uliohesabu mara ambazo kompyuta imewashwa, na ilipofika mara 90 ukayaficha majalada na kuyavuruga majina yake. Aliyetaka kupona aliambiwa apeleke dola 189 kwenye sanduku la posta huko Panama. Aliyeshitakiwa alikuwa Joseph Popp, msomi wa elimu ya viumbe kutoka Marekani ambaye aliwahi kufanya kazi Kenya. Mahakama ya Uingereza ilimwona hafai kushitakiwa kwa sababu ya hali ya akili yake.

Tazama basi, wananchi wenzangu: tangu mwanzo chambo kilikuwa ni kile kile. Mtu anapewa kitu kinachofanana na cha kazi yake, anakifungua kwa nia njema. Daktari alipelekewa diski ya ugonjwa, na mimi karani nikapelekewa ankara. Kilichobadilika ni kuwa leo hawahitaji posta wala Panama. Barua pepe hufika kwa nukta moja, na sarafu ya bitcoin humwezesha mwizi kupokea fedha bila kuonyesha uso wake benki.

Wakubwa wa dunia nao wameonja. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilisambaa katika nchi zipatazo 150 na kuzifunga kompyuta zaidi ya 200,000. Kila moja ilidaiwa dola 300 kwa kuanzia. Huko Uingereza hospitali za umma zilivurugika, wagonjwa wakarudishwa makwao, na miadi kwa maelfu ikafutwa. Ufa ambao kirusi kile kilipitia ulikuwa unajulikana. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuuziba tangu mwezi Machi mwaka ule ule, karibu miezi miwili kabla. Kompyuta zilizoathirika zilikuwa zile ambazo wenyewe hawakukiweka kile kiraka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulikuwa na kiraka cha bure, na bado haukuzibwa.

Huko Ireland, mwezi Machi 2021, mfanyakazi mmoja wa idara ya afya ya taifa alifungua kiambatisho cha hesabu kilichokuja kwa barua pepe. Niliposoma habari hiyo nilijiona mimi mwenyewe nikibonyeza ile ankara. Wahalifu waliingia, wakatembea ndani ya mitambo ile kimya kimya kwa wiki nane, na tarehe 14 Mei wakafunga. Serikali ya Ireland haikulipa. Siku chache baadaye wahalifu wenyewe waliutoa ufunguo bure. Pamoja na kuupata ufunguo, kazi ya kurudisha mitambo ile iliendelea kwa miezi ipatayo minne. Hilo liwafundishe wanaodhani kuwa ukipata ufunguo mambo yamekwisha siku hiyo hiyo.

Asije mtu akasema kuwa hayo ni ya Ulaya. Mwezi Julai 2021 shirika la bandari na reli la Afrika Kusini, Transnet, lilishambuliwa, na kazi katika bandari ya Durban na nyinginezo ikakwama kwa siku kadhaa. Mwezi Juni 2024 ilikuwa zamu ya shirika la maabara za umma la nchi hiyo hiyo, linalopima sampuli za wagonjwa wa hospitali za serikali. Maabara ziliendelea kupima, lakini majibu hayakuweza kupita katika mtandao kuwafikia madaktari kama kawaida. Na wahalifu wale hawakuishia kwenye kumbukumbu zinazotumika tu. Walizifuta hata baadhi ya nakala za akiba.

Hapo ndipo penye kiini cha barua yangu. Watu wengi wana nakala. Hata sisi tulikuwa nayo. Lakini nakala iliyounganishwa na kompyuta si akiba, bali ni mateka wa pili. Mkulima anayeweka mbegu za mwakani katika gunia lile lile la chakula hana mbegu. Panya mmoja anatosha kummalizia yote mawili.

Nitatoa mfano mmoja ambao kila Mwafrika anapaswa kuujua. Tarehe 27 Juni 2017 kirusi kingine, NotPetya, kilianzia Ukraine kupitia programu ya hesabu za kodi, kikaenea duniani. Kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark, moja ya kubwa kabisa duniani, ilipoteza karibu mitambo yake yote ya kompyuta. Ilikuwa na seva zipatazo 150 zenye orodha ya watumiaji wake na ruhusa zao, na kila moja ilikuwa nakala ya mwenziwe. Mpango ule ulionekana mzuri sana, ila zote zilikuwa zimeunganishwa, na zote zikafutwa. Ikapatikana moja tu iliyosalimika, nayo ilikuwa Ghana. Kwa nini? Kwa sababu kabla ya shambulio umeme ulikuwa umekatika, na seva ile ikawa nje ya mtandao! Diski yake ilibebwa na mtu kwa ndege hadi Nigeria, mwingine akaipokea uwanjani na kuipeleka Uingereza. Kutokana na hiyo moja, kampuni ikajijenga upya: seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika siku zipatazo kumi, kwa juhudi kubwa mno.

Fikirini, ndugu wasomaji. Kampuni yenye fedha kuliko bajeti za nchi nyingi iliokolewa na kukatika kwa umeme. Sisi tunaokatikiwa na umeme kila mara tumekuwa tukilalamika tu; kumbe chombo kilichozimwa na kuchomolewa ndicho ambacho mwizi hawezi kukifikia. Lakini tusingoje umeme utufanyie kazi hiyo. Tuifanye kwa mikono yetu na kwa ratiba.

Najua wapo watakaosema, "Kwa nini msilipe tu, mkaendelea na kazi?" Hata katika bodi yetu wapo waliosema hivyo, wala siwalaumu, maana waliona wanachama wamejaa kwenye benchi. Lakini malipo hayanunui uhakika. Kwa NotPetya, dai la fedha lilikuwa geresha. Hata aliyelipa hakuweza kurudishiwa chochote, maana kirusi kile kilitengenezwa ili kiharibu. Mwezi Mei 2021 kampuni ya bomba la mafuta ya Colonial huko Marekani ililipa bitcoin 75, zilizokuwa na thamani ya dola milioni 4.4 hivi. Programu ya kufungulia iliyopewa ilikuwa ya polepole kiasi kwamba kampuni iliendelea kutegemea nakala zake yenyewe. Serikali ya Marekani baadaye ilifanikiwa kuzipata tena bitcoin 63.7, lakini ni wangapi kati yetu wenye serikali ya Marekani ya kuwafuatilia wezi wao? Zaidi ya hayo, kila shilingi inayolipwa inanunua kufuli jingine kwa ajili ya jirani.

Na mlango ulioingiliwa huko Colonial ulikuwa upi? Nywila moja ya njia ya zamani ya kuingilia kwa mbali, njia ambayo haikuwa ikitumika tena wala haikudai uthibitisho wa pili. Mlango wa uani uliosahauliwa, basi!

Hoja nyingine niisikiayo ni hii: "Sisi ni wadogo, hawa watu watatutakia nini?" Hoja hii ndiyo iliyotulaza sisi. Mvuvi anayetupa wavu hachagui dagaa kwa jina. Barua pepe ile haikuletwa kwangu kwa sababu mimi ni mtu mkubwa. Ilitupwa kwa maelfu, nami nikanasa. Tena mdogo ndiye anayeumia zaidi, maana hana mafundi wa kumwinua.

Yupo pia atakayesema turudi kwenye makaratasi. Sikubaliani naye. Kompyuta imetupunguzia makosa ya hesabu na imewapunguzia wanachama foleni. Ninachosema ni kuwa tumezinunua kompyuta kwa furaha, tukapiga picha siku ya kuzizindua, tukasahau kuzitunzia akiba. Mtu hujenga ghala, lakini hujenga pia uchaga wa kuzuia panya.

Sasa nieleze yale ambayo kila ofisi, hata yenye kompyuta moja, inaweza kuyafanya bila kungoja mfadhili.

Kwanza, ziwepo nakala tatu: ile inayotumika, na mbili za akiba. Hizo mbili zisiwe za aina moja. Kama moja ni diski ya nje, nyingine iwe katika hifadhi ya mbali ya intaneti au chombo cha namna nyingine. Na angalau moja ikae mbali na ofisi, ikiwa imechomolewa. Diski ya nje ichomekwe wakati wa kunakili tu, kisha ichomolewe na kufungiwa. Afadhali ziwe diski mbili za kupokezana, wiki hii moja, wiki ijayo nyingine. Hapo hata mwizi akiingia wakati wa kunakili, atakuta moja tu. Aibebaye diski awe mtu aliyeteuliwa, ipo saini yake kwenye daftari, na diski yenyewe ifungwe kwa nywila ili ikipotea njiani isisomwe na kila aiokotaye.

Pili, nakala ijaribiwe. Nakala isiyowahi kujaribiwa ni matumaini tu. Kila baada ya miezi mitatu fundi achukue kompyuta nyingine, arudishe majalada kutoka kwenye nakala, na karani alinganishe hesabu za wanachama kumi. Zikilingana, iandikwe. Zisipolingana, tumeokoka mapema.

Tatu, viraka vya programu viwekwe mara vinapotolewa. Najua bando ni ghali na mtandao wakati mwingine hukwama. Basi itengwe jioni moja kila wiki kwa kazi hiyo. Na tuache kutumia programu za wizi zinazouzwa vichochoroni. Mara nyingi hizo ndizo hubeba mizigo iliyofichwa.

Nne, nywila ya ofisi isiwe jina la chama na mwaka, wala isiandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa kando ya kioo. Barua pepe na njia zote za kuingia kwa mbali ziwekewe uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na namba inayotokea katika simu ya mhusika. Mfanyakazi akiacha kazi, ruhusa yake ifutwe siku hiyo hiyo, kama tunavyomnyang'anya funguo za mlango.

Tano, karani wa kawaida asipewe mamlaka ya kuweka programu kwenye kompyuta. Kama ningekuwa na ruhusa ya kazi yangu tu, ile ankara huenda ingekwama mezani kwangu bila kufika kwa wenzangu. Na barua yoyote inayodai uharaka, au inayokutaka "uruhusu" kitu ili uione, usiifungue hadi umempigia simu mwenyewe kwa namba unayoijua wewe, si ile iliyoandikwa humo.

Sita, likitokea la kutokea, chomoa waya wa mtandao na uzime mawasiliano yote mara moja, kisha usiguse kitu hadi fundi afike. Usiyafute yale majalada yaliyofungwa. Upo mpango wa kimataifa uitwao No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, unaotoa bure funguo za aina kadhaa za virusi hivi. Huenda ufunguo wako haupo leo ukapatikana mwakani. Toa taarifa polisi, na kwa kikosi cha dharura za kompyuta kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Hapa nchini tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, lakini sheria haiwezi kumkamata mwizi ambaye aliyeibiwa amemficha.

Ni haki niseme pia kuwa nakala haiponyi yote. Siku hizi wahalifu hawa huiba kumbukumbu kabla ya kuzifunga, kisha hutishia kuzitangaza. Dhidi ya hilo diski ya kabatini haisaidii. Dawa yake ni kutokusanya tusichokihitaji. Kwa nini chama kitunze nakala ya kitambulisho cha mtu aliyejitoa miaka kumi iliyopita? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetupa wajibu wa kuzilinda taarifa za watu, na njia rahisi ya kukilinda kitu ni kutokuwa nacho bila sababu.

Jambo langu la mwisho nawaambia viongozi. Nilinyamaza siku mbili kwa sababu ofisi yetu ilikuwa na desturi ya kumtafuta mkosaji kabla ya kulitafuta kosa. Siku ile ya Jumatano nilipojikaza na kusema, meneja alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ungesema juzi, ningekupa mkono. Leo nakupa onyo." Nilipewa onyo la maandishi, nami nakiri nililistahili. Lakini tangu hapo aliweka utaratibu kuwa anayesema ndani ya saa ile ile hatapata adhabu. Utaratibu huo haugharimu senti moja, na naamini una thamani kuliko programu nyingi za kununua. Mfanyakazi anayeogopa ndiye rafiki mkubwa wa mwizi.

Nawaomba basi wanachama wa vyama vyote, wazazi wa shule zote na wajumbe wa kamati za zahanati, katika mkutano wenu ujao msimame na kuuliza swali moja tu: "Nakala ya kumbukumbu zetu iko wapi usiku huu, imechomolewa, na ni nani aliyeijaribu mara ya mwisho?" Wakijibu bila kubabaika, wapigieni makofi. Wakitazamana, msiondoke mkutanoni hadi tarehe ya kulimaliza jambo hilo iandikwe.

Wahenga walisema akiba haiozi. Waliyasema hayo juu ya nafaka, lakini yanafaa pia kwa hesabu za yule mama aliyeketi kwenye benchi akisubiri fedha yake. Hatukuwa na haki ya kumfanya aulize swali lile, wala asiwepo mama mwingine wa kuuliza hivyo kwa uzembe ambao diski moja iliyochomolewa ingeuzuia.



Karani Aliyejifunza,
Morogoro.